Ada ya Klabu ya Shabaha na Rafiki Yangu wa Kigombe

Mpendwa Bibi Mshauri,

Baada ya salamu, naomba unikatie shauri ambalo mimi na mke wangu tumeshindwa kulikata, nalo likisemwa kwa wepesi ni hili tu: je, nilipe ada ya mwaka wa pili katika klabu ya shabaha, au nijitoe? Najua wasomaji wengine watacheka, watasema huyu tajiri hana la kumsumbua, lakini nakuomba unisome mpaka mwisho, kwani si fedha inayonikosesha raha, na jina langu lichape kama lilivyo, sitaki kujificha, waliokuwapo siku ile walikuwa wengi na walinisikia.

Mimi ni Gulamhussein Esmailji, nina duka la vyuma na baiskeli hapa Tanga mjini, ila nimezaliwa Kigombe, ambako marehemu baba alikuwa na duka la rejareja, na huko ndiko nilikopata rafiki, jina lake Uweso. Tumekua pamoja, tumeogelea pamoja na kuchapwa pamoja, na baba yake ndiye aliyetufundisha sote wawili kulenga kwa gobore lake kuukuu. Tulipokuwa watu wazima mimi nilipata kibali cha kununua bunduki nzuri, naye alipoomba kibali cha lile gobore la urithi alinyimwa, akaambiwa alisalimishe, akalisalimisha, basi tangu hapo bunduki yangu ikawa yetu sote, kila Jumapili nafunga duka nakwenda Kigombe, tunalinda mihogo yake isiliwe na nguruwe mwitu, tukimaliza tunakula kwake, na mke wangu Zohra humpelekea mkewe achari, naye mkewe hutuletea nazi, na miaka ikapita hivyo bila yeyote kati yetu kuona kuwa hilo ni jambo la kusimulia.

Mwaka jana klabu ya shabaha iliyo nje ya mji, ambayo siku zote ilikuwa ya Wazungu peke yao, ilikubali kupokea Wahindi wachache, na meneja mmoja wa shamba la mkonge anayenunua vyuma kwangu akanipendekeza. Bibi Mshauri, nilifurahi kama mtoto siku ya Idi. Nilishona suti, wazee wa jamati yetu wakanipa mkono, mdogo wangu ambaye ni mshirika wangu dukani akasema, "Sasa kaka umetufungulia mlango." Zohra peke yake ndiye aliyeuliza, "Na Uweso je?" Nikamjibu, "Uweso nitakwenda naye, atatazama."

Kweli, siku ya mashindano nilikwenda naye. Nilimpitia Kigombe kwa gari, akatoka amevaa kanzu nyeupe na koti lake la harusi na kofia ya kudarizi, mtu utasema anakwenda kuoa. Tuliposhuka pale klabuni katibu, ambaye ni Mzungu, akaja akanipa mkono, kisha akamtazama mwenzangu, akaniuliza kwa kile Kiswahili chao cha kuamrisha, "Huyu nani?"

Nikasema, "Huyu? Ni mtu wangu."

Najua, "mtu wangu" laweza kuwa na maana ya ndugu yangu, mwandani wangu, mtu nimwaminiye, na kwa muda mrefu nimejifariji kwa maana hiyo, lakini katibu hakulielewa hivyo, na mimi nilijua kuwa hakulielewa hivyo. Akasema, "Vizuri. Aende kule handakini, tuna upungufu wa watu wa kubandika shabaha." Uweso akanigeukia. Wallahi hakunitazama kwa hasira, alinitazama kama mtu anayengoja mwenzake amalizie neno lake. Nami sikulimalizia. Nilifungua buti la gari nikatoa bunduki.

Akavua lile koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti cha gari, akaenda. Mchana kutwa alikuwa ndani ya handaki pamoja na vibarua wa klabu, wakipandisha na kushusha mbao za shabaha, risasi zikipita juu ya vichwa vyao, na zangu zikiwa miongoni mwa hizo, na jambo linalonitisha mpaka leo ni kwamba nililenga vizuri kuliko siku zote, nikapewa kikombe, nikapigiwa makofi. Jioni katibu akawagawia watu wa handaki sarafu mojamoja. Uweso alikuja na yake, kanzu imejaa udongo mwekundu, akanishika mkono akaniwekea ile sarafu kiganjani.

"Pokea wewe, bwana," akasema. "Mtu wa mtu hana mfuko."

Njia nzima ya kurudi tulizungumza habari za mvua.

Jumapili iliyofuata nilikwenda, mkewe akasema ametoka. Nikaenda tena, ametoka. Kisha zikaja mvua za masika, na mashindano mengine, na maneno ya mjini, nikaacha kwenda, nikajiambia amekasirika na hasira ni kama homa, itashuka yenyewe. Hata siku moja Miraji, mchuuzi wa nazi wa Kigombe, akaingia dukani kununua mnyororo wa baiskeli, akaniuliza, "Bwana Gulamu, Uweso umeshakwenda kumtazama hospitali?"

"Hospitali gani?"

"Ala! Kumbe hujui?"

Ndipo akanieleza kuwa Uweso alikuwa akilinda shamba peke yake kwa mkuki, na nguruwe dume likamrukia likampasua paja, na walipokuwa wakimleta mjini kwa lori walipita hapa hapa mbele ya duka langu, dereva akamwuliza kama wasimame waniite, naye akasema, "Msimsumbue, ana kazi zake." Na wakati huo, Bibi Mshauri, bunduki yangu ilikuwa nyumbani kabatini, imepakwa mafuta, inangoja mashindano.

Nilikimbilia hospitali nikaambiwa amekwisha kurudi kwao. Nikachukua gari, nikachukua jora la kitambaa na gunia la sukari na dawa, nikaenda Kigombe. Nilimkuta barazani amenyoosha mguu, na aliponiona akajishika kwenye nguzo, akajiinua kwa taabu mpaka akasimama, akasema, "Shikamoo, bwana." Sisi ni marika, hatujaamkiana hivyo hata kwa mzaha. Nikasema, "Uweso, ni mimi, Gulamu." Akasema, "Najua, bwana. Karibu kiti." Akaamuru nipewe kiti, yeye akakaa chini kwenye jamvi, na kila nilichosema alinijibu kwa adabu, nikasema pole, akasema nimeshapoa, nikasema mihogo je, akasema iliyobaki ipo. Nikaiacha mizigo pale barazani, nikaaga. Kesho yake Miraji akanirudishia kitambaa na sukari na dawa, vyote havijafunguliwa, pamoja na salamu za shukrani. Miraji anasema mguu wa Uweso hautakunjika tena kama zamani.

Sasa ada ya klabu inatakiwa mwisho wa mwezi huu. Katibu mwenyewe alipita dukani kunikumbusha, na akasema, "Siku ya mashindano mlete tena yule mtu wako, alifanya kazi nzuri." Nikamwambia ni mgonjwa. Akasema, "Pole. Basi lete mwingine."

Mdogo wangu anasema nisijitoe, kwani nikijitoa mimi wa kwanza watasema Wahindi hawafai, na watoto wetu watakuta mlango umefungwa, tena biashara na mashamba ya mkonge itapoa. Zohra amekiondoa kile kikombe sebuleni wala hanambii amekiweka wapi. Mimi nikibaki najiona mnafiki, na nikijitoa najiona nimechelewa. Niambie, mama, uanachama huu unafaa gharama yake? Na nikijitoa, Uweso atanirudia?

Ni mimi niliyepotewa na njia,
Gulamhussein Esmailji, Tanga.

JIBU

Bwana Gulamhussein,

Nimekusoma mpaka mwisho, na nakupa pole, maana mtu asiye na moyo asingeandika barua hii, tena kwa jina lake. Pole hiyo iweke mfukoni, sasa nisikilize.

Kwanza, acha kujificha nyuma ya lugha. Mimi ni mzaliwa wa Pangani, najua "mtu wangu" ni neno tamu, nami nimemwita hivyo marehemu mume wangu. Lakini hukulisema kwa kinywa hicho. Ulilisema ukiwa na haraka ya kuingia. Wazee walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, ila aliyejikwaa huweza kujishika, na wewe ulipewa mchana kutwa wa kujishika. Ungeweza kushuka handakini wakati wowote ukamtoa rafiki yako. Ulikuwa unahesabiwa shabaha.

Pili, katika barua yako ndefu sijaona mahali umemwomba radhi. Umempelekea sukari. Wewe ni mfanyabiashara, umezoea kuwa kilichoharibika hulipwa kwa kingine, lakini yule si mteja wako. Amekurudishia kwa sababu ulikuja na kila kitu isipokuwa neno alilokuwa akilingoja.

Sasa habari ya klabu. Kulenga shabaha si dhambi, na kukaa na Wazungu si dhambi. Kama ungesimama pale ukasema "huyu ni rafiki yangu," hata mngefukuzwa wote wawili, leo ningekushauri ulipe urudi ukawasumbue tena. Mdogo wako anasema umefungua mlango. Mlango gani huo, ambao mtu aliyekua nawe alipitishwa dirishani na kutumbukizwa shimoni? Ukimletea katibu "mwingine" kama alivyokuagiza, na mwaka ujao mwingine tena, utakuwa umefungua biashara, si mlango. Unauliza gharama? Gharama imekwisha kulipwa, na aliyelipa hakuwa mwanachama.

Jitoe. Lakini usijitoe kwa barua ya kusingizia kazi nyingi dukani. Nenda mwenyewe siku wanachama wamekusanyika, umwambie katibu kwa Kiswahili kile kile alichokuulizia, kwamba mtu uliyekuja naye alikuwa rafiki yako na mgeni wako, nawe ulimwacha aitwe kibarua kwa kuogopa. Usihutubu. Sema, rudisha kikombe chao kama Zohra atakubali kukuonyesha kilipo, uondoke. Wengine watacheka. Yule meneja huenda akanunua vyuma kwingine. Vumilia.

Ukitoka huko nenda Kigombe pamoja na mkeo, mikono mitupu. Mbele ya mke wa Uweso, na mbele ya Miraji kama yupo, sema ulilolifanya, bila "lakini" na bila "unajua wale watu walivyo." Usilie, maana ukilia atalazimika kukubembeleza, na hiyo itakuwa kazi nyingine umempa. Usimwombe akuite Gulamu. Jina hilo ni lake, atalitumia akipenda.

Kisha mwone jumbe wa pale, mfuatane naye mpaka bomani, mkamwombee Uweso tena kibali cha gobore lake. Hao wakubwa uliojuana nao kwa mwaka mzima, hapa ndipo wanapoweza kukufaa. Piga hodi kwao kabla hawajakusahau. Na mpaka kibali kipatikane, bunduki yako itoke kabatini. Nguruwe hawangoji watu wapatane.

Umeuliza kama atakurudia. Mimi sijui, na kwa haki sidhani kama atarudi vile alivyokuwa. Urafiki wa utotoni watu hupewa mara moja, na wewe wako umeuvunja ukiwa mtu mzima mwenye akili zako. Utaishi na hilo, na Zohra ataishi nalo, na siku utakapomwona akipanda ngazi za soko kwa mguu ule mgumu, utaumia, na itakupasa uumie. Ila usiyafanye haya kwa kungoja malipo. Yafanye kwa sababu ndiyo yaliyokuwa ya kufanywa tangu siku ile.

Jumapili hii fika shambani kwake mapema, ukae mpakani na bunduki yako, mbali na baraza yake. Akikuitia chakula, nenda. Akikuambia uondoke, inuka uondoke kwa adabu, usimseme vibaya popote, na Jumapili inayofuata uwe mpakani pale pale.

Bibi Mshauri