Shemeji, Nitafutie Mashine ya Betri

Murungu, Kibondo
Jumapili, 9 Juni 2024

Kwa muramu wangu Ildefonsi,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo wewe, na Jeanne wako hajambo? Masikio yanaendeleaje? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Moyo usiniulize.

Nakuandikia kwa sababu simu kwako haina maana tena. Mara ya mwisho nilipiga, nikasema "Ni Venanti," ukanijibu, "Unga upo, njoo kesho." Nikakata simu. Miaka ishirini ya kusimamia mashine ya kusaga ya watu, na kiinua mgongo chako ndiyo hayo masikio. Basi tuandikiane. Barua nampa kondakta wa basi la asubuhi.

Shemeji, tangu tumzike dada yako Immakulata imetimia miezi mitatu, na kazi imenishinda. Kigango chetu kimeniagiza mabenchi ishirini na manne, yawe tayari kabla ya Majilio. Wewe umeniona nikifanya kazi: mimi naegemea keke kwa kifua nikiizungusha, yeye mke wangu amekalia ubao usicheze. Watu walikuwa wakitania, "Jiliwa la fundi Venanti linavaa kitenge." Sasa ubao unazunguka pamoja na keke. Wiki nzima nimetoboa benchi moja, na matundu yamekwenda upande.

Nasikia huko Kasulu kuna mashine za kutoboa za betri, unashika kwa mkono mmoja na mkono wa pili unabana ubao. Nasikia pia kila duka lina chapa yake, na betri ni za namna namna. Hapa hakuna anayejua. Naomba unizungukie maduka, ulinganishe, uniambie ipi inamfaa mtu anayefanya kazi peke yake.

Jambo la pili ndilo kubwa. Wazee wanauliza siku ya kugandura, tumalize matanga. Unajua msiba haujaondoka nyumbani kwangu mpaka siku hiyo, na wewe ndiye kaka yake. Usipokuwepo hakuna wa kusema maneno ya kumuaga marehemu. Nimewaambia Agosti, mtama ukishavunwa tupate pombe. Unasemaje?

Shemeji yako,
Venanti


Kasulu Mjini
23 Juni 2024

Muramu Venanti,

Amani ya Bwana iwe nawe. Sisi tupo. Jeanne anakusalimu, amesimama hapa ananionyesha kwa kidole niandike kwamba anakusalimu. Masikio ni yale yale. Kanisani naona padri anafungua mdomo, mimi nasema Amina nikiwaangalia wenzangu.

Barua yako niliisoma nikaenda siku hiyo hiyo kwa Tamimu, yule wa vifaa vya ujenzi karibu na stendi. Nikamwambia mimi sisikii, nieleze kwa maandishi. Akachana karatasi ya mfuko wa simenti, akaandika: "Mzee, unanunua au unasoma?" Nikamwandikia chini yake: "Nasoma kwanza." Akacheka, akaniletea kiti.

Anauza chapa ya duka lake, imeandikwa Shupavu. Zipo mbili. Ya kwanza ni ya volti 18, betri yake ni ya nikeli. Nzito, ukiishika unadhani umeshika tofali. Tamimu anasema betri ya nikeli ni ngumu, inavumilia kuangushwa na kusahauliwa, lakini ukiiweka wiki kadhaa bila kazi inajimaliza yenyewe. Na ukizoea kuichaji kabla haijachoka, na yenyewe inazoea kubeba kidogo.

Ya pili ni ya lithiamu, volti 20. Nyepesi. Unaichaji wakati wowote, na ukiiweka inakaa na chaji yake miezi. Ila haitaki kuachwa ikiwa imekufa kabisa, na haitaki jua. Usiiache kwenye bati.

Nisikuharakishe. Kabla ya kuamua niambie mbao zako ni za mti gani na unene wake, na umeme utaupata wapi. Niandikie vizuri, kwa urefu.

Shemeji yako,
Ildefonsi


Murungu
14 Julai 2024

Muramu Ildefonsi,

Tumsifu Yesu Kristo. Hamjambo huko? Nami sijambo, kifua tu kinauma pale keke inapokaa.

Mbao ni mkaratusi, unene inchi mbili, umekauka kama mfupa. Umeme nyumbani sina, ila pale senta Nasma ana saluni na anachajisha simu za watu. Nimemuuliza kama atakubali betri ya mashine. Amesema, "Baba, ilimradi isiote mguu ikaondoka." Kwa hiyo kila jioni nitaipeleka na asubuhi nitaichukua.

Naona moyo wangu unakwenda kwenye ile ya lithiamu, lakini wewe ndiye uliyeishika.

Shemeji, nikuambie kitu ambacho sijamwambia hata katekista wetu Pasikali. Jioni nikisali rozari nasema "Salamu Maria" mpaka katikati, halafu nanyamaza. Nasubiri aitikie nusu yake. Miaka ishirini na sita yeye ndiye mwenye nusu ile. Nikikumbuka, naimalizia mwenyewe, lakini naisema haraka kama mtu anayepita kwenye shamba la mwenzake. Mungu atanisamehe.

Hukunijibu kuhusu kugandura. Labda ulisahau, au ukurasa ulidondoka kwenye basi. Nauliza tena: Agosti inakufaa? Hapa wazee wanasema nyumba imekaa na msiba muda mrefu. Hata harusi ya mtoto wa ndugu yangu inangoja.

Shemeji yako,
Venanti


Kasulu Mjini
11 Agosti 2024

Muramu Venanti,

Amani ya Bwana. Sisi tupo, Jeanne alikuwa na homa, imepoa.

Nimechunguza zaidi. Kuna duka la pili, la Saady, naye ana chapa yake, Nguzo. Ya kwake ya lithiamu imeandikwa volti 21. Nikasema hapa ndipo penye nguvu! Nikamwandikia, "Hii inaishinda ya Tamimu." Saady ni mkweli, ameandika jibu ambalo mwenye duka mwingine asingeandika: 21 ni pale betri imetoka tu kwenye chaja. Ikianza kazi ni 18. Na ile 20 ya Tamimu ni 18 hiyo hiyo. Zote ni ndugu wa mama mmoja, tofauti ni nani aliyeandika karatasi ya boksi.

Cha kutazama ni maandishi madogo kwenye betri, ampea-saa. Volti ni nguvu, hizo ampea ni muda. Ya Saady ni moja na nusu, itachoka kabla hujala mchana. Ya Tamimu ni nne, na kwenye boksi zimo betri mbili. Na betri ya Nguzo haiingii kwenye Shupavu, wala hii haiingii kwenye ile. Ukichukua mashine, umechukua na ukoo wake wote.

Tena kuna kaboni ndani ya mota, zinaisha kwa kusuguana. Inabidi niulize kama spea zake zinapatikana. Nipe wiki kadhaa.

Agosti hii sitaweza. Tutaongea.

Niandikie tena shemeji, hata mambo madogo. Ile habari ya rozari nimeisoma mara nne.

Shemeji yako,
Ildefonsi


Murungu
29 Septemba 2024

Shemeji Ildefonsi,

Salamu. Mimi mzima. Natumaini nanyi ni wazima.

Umesema wiki kadhaa, zimepita saba. Kondakta naye amechoka na mimi. Akiniona tu nimesimama anatikisa kichwa kabla basi halijasimama.

Pasikali alikuja karakana Jumatano. Akahesabu mabenchi, yapo manne. Akakaa juu ya mojawapo, likalia. Akasema, "Fundi, tunakupenda, lakini Majilio hayatakungoja." Kumi na mawili wamempa fundi wa Kibondo mjini. Sikubisha. Mtu anayetoboa tundu moja kwa robo saa atabisha nini?

Sasa nikuulize kiume. Wewe si mtu wa kushindwa kuuliza spea ya kaboni wiki saba. Na kugandura nimekuuliza mara mbili, mara mbili umeruka kama mtu anayeruka dimbwi. Je, unanilaumu kwa kifo cha dada yako?

Kama unanilaumu, sema. Mimi mwenyewe najilaumu. Ile Jumamosi alipoanza kulalamika tumbo, nilikuwa na milango ya watu ya kumaliza. Nikamwambia, "Twende Jumatatu." Naye akasema sawa, akakaa kwenye ubao nikaendelea kutoboa. Shemeji, alikaa kwenye ubao huku anaumwa. Jumatatu nilipomfikisha hospitali, daktari aliniangalia mimi, hakumwangalia yeye. Hilo nimelipeleka kwenye kitubio, padri ameniondolea dhambi. Lakini padri si kaka yake.

Kama ndiyo sababu huji, nitaelewa. Ila nijue.

Venanti


Kasulu Mjini
24 Novemba 2024, Sherehe ya Kristo Mfalme

Muramu wangu Venanti,

Amani ya Bwana iwe nawe. Barua yako ilinikuta mzima, ikaniacha mgonjwa. Miezi miwili nimeanza kujibu na kuchana.

Pamoja na barua hii kondakta atakupa boksi. Ni Shupavu ya lithiamu, betri mbili, chaja, na kaboni za akiba. Usitume kitu.

Sikulaumu. Immakulata alikuwa mbishi tangu utoto. Alipougua malaria kali mwaka ule kabla hujamwoa tulimbeba kwenye machela akitupiga mateke, anasema yeye mzima. Hata ungesema "Twende leo," angekwambia maliza milango kwanza. Hilo ondoa moyoni, mimi kaka yake nimekwambia.

Sasa kosa langu. Mashine hii niliinunua wiki ile ile nilipopata barua yako ya Julai. Imekaa chini ya kitanda changu miezi minne. Kwa Saady nilikwenda nikiwa nimeshanunua kwa Tamimu. Aliyoniambia ni ya kweli yote, lakini niliyatafuta ili nipate cha kukuandikia.

Venanti, watu hapa wananisemesha kwa kelele na kwa mikono: kula, njoo, toka mvuani. Jeanne ni mke mwema, lakini hakusoma. Tangu masikio yafe, barua zako ndizo mazungumzo pekee ninayoyasikia neno kwa neno. Nikasema nikimtumia mashine, atasema asante, basi.

Na kugandura ni hivyo hivyo. Siku ile mtu anafunguliwa. Utaoa, na uoe, una miaka hamsini na miwili. Huyo mke atakuja na kaka zake. Nyinyi hamkupata mtoto wa kuniita mjomba. Baada ya maneno yale mimi nitakuwa nani kwako? Mzee mmoja kiziwi wa Kasulu.

Jeanne ndiye aliyeiona, akifagia. Alinyanyua boksi juu, akanionyesha Kibondo kwa kidole, akajigonga kifua mara tatu kama mtu anayeegemea keke. Halafu akalia. Hakuna maneno niliyoyasikia vizuri kama hayo mwaka huu.

Nisamehe.

Ildefonsi


Murungu
8 Desemba 2024

Ildefonsi,

Mashine imefika. Inafanya kazi.

Nilikuwa na mabenchi matatu yamebaki kati ya kumi na mawili. Nimeyamaliza kwa siku moja. Siku moja, shemeji! Nilipomaliza nilikasirika. Nikasali. Nikakasirika tena. Upande wa wanaume kanisani watu wamekalia mabenchi ya fundi mwingine, na yatadumu pale kuliko mimi na wewe.

Kugandura ni Jumamosi tarehe 4 Januari. Ukija, utasema maneno. Usipokuja, mzee Nkunzimana atasema kwa niaba ya ukoo wenu, na itakuwa imekwisha. Sitauliza mara ya nne.

Msalimu Jeanne.

Venanti


Murungu
Jumapili, 19 Januari 2025

Kwa muramu wangu Ildefonsi,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini mlifika salama, wewe na Jeanne, na kwamba mgongo haukukusumbua na lile basi. Mimi ni mzima.

Watu bado wanakuongelea. Mzee Nkunzimana alipokuinulia mkono useme, alidhani utasema kama wanavyosema watu, kwa sauti ya msibani. Nawe hujisikii mwenyewe, ukapiga ukelele: "IMMAKULATA, TUMEKUACHIA, PUMZIKA!" Kuku wakakimbilia migombani. Huko ng'ambo ya bonde wanasema waliitikia. Ulituona tunainama ukadhani tunalia. Nikuambie ukweli, mimi ndiye niliyeanza kucheka. Tangu Machi ya mwaka jana sikuwahi. Halafu ndipo nikalia, na hilo uliliona, maana ulinisogezea mrija tukanywa kutoka chungu kimoja.

Pale kituoni nilitaka kukwambia kitu, lakini watu walikuwa wengi na ningelazimika kupiga kelele. Jambo lenyewe si la kupigia kelele.

Ni hivi. Maneno yamesemwa. Kwa mila mimi sikudai kitu wala wewe hunidai. Kuoa sijui, sijafikiria, na kama siku hiyo ipo Mungu anaijua. Hasira yangu nayo haijaisha yote, imebaki kama kibanzi kwenye kidole, nikigusa nasikia.

Leo baada ya misa nimekaa mezani nikatafuta cha kukuuliza. Kazi ninayo, mashine ninayo, wazee wameridhika. Nimekosa.

Basi nakuandikia kwamba asubuhi imenyesha mvua ya mawe, punje kama njegere. Pasikali amepata suruali mpya, fupi. Mahindi yangu ya bondeni yamefika magotini. Paka wa jirani amezalia ndani ya sanduku langu la randa, wapo watatu, nafanya kazi bila randa.

Barua hii haina swali, muramu. Usilitafute. Jibu tu.

Shemeji yako,
Venanti