Jemadari Kati ya Mizabibu

Mainz, 6 Novemba 1983

Bibi mpendwa,

Natumaini u mzima na goti limepata nafuu. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu, anauliza kama kabichi uliyoitia chumvi imeshachachuka.

Nakuandikia kuhusu ile tunayoiita medali ya sherehe za karnivali, aliyoiokota marehemu Babu shambani, unayoiweka kwenye kopo la vifungo. Juzi mwalimu wa historia alitupeleka makumbusho, nikaona picha ya sarafu ya dhahabu yenye uso ule ule na jina lile lile: Laelianus. Alikuwa jemadari wa Kirumi hapa hapa kwetu. Askari wake walimtawaza kuwa kaisari, na baada ya miezi michache akauawa. Sarafu zake za dhahabu ni adimu mno, na sura yake haijulikani ila kwenye sarafu.

Sijamwambia mtu. Naomba ruhusa yako tuipeleke makumbusho.

Mjukuu wako,
Henrike

14 Novemba

Profesa wangu mdogo,

Salamu zimefika. Goti linatabiri mvua, na halijawahi kunidanganya.

Mwaka alioiokota, Babu yako alitia shambani mbolea ya takataka za mjini, imejaa vikaratasi vya karnivali. Kitu cha kung'aa chenye kichwa cha askari ungekiitaje? Walinzi wa karnivali, wale wanaovaa kiaskari kwa mzaha, wote wana sura hiyo.

Lakini sikia. Kwa jirani Schnabel vilionekana vigae tu, wachimbaji wa mambo ya kale wakaja wakang'oa mizabibu yake nusu shamba. Ile safu ya juu ya mizabibu yetu Babu yako aliipanda kwa mikono yake mwaka tuliooana. Jemadari wako amekufa, na Ottmar wangu amekufa. Ila wa kwangu bado anazaa zabibu. Basi funga mdomo, mama.

Bibi yako,
Walburga

27 Novemba

Bibi mpendwa,

Pole na baridi. Mimi nina mafua kidogo tu.

Nimekutii. Nilimuuliza mwalimu, bila kutaja mtu, kama ni lazima kung'oa. Alisema mwenye shamba akijitokeza mwenyewe husikilizwa, na wakati wa baridi huweza kuchimbwa kwenye njia kati ya safu.

Namfikiria yule jemadari. Watu walimpenda hadi wakamvika taji, na leo hana hata mmoja wa kumtetea. Babu ana wewe.

Sitakusumbua tena.

Mjukuu wako,
Henrike

14 Aprili 1984

Henrike wangu,

Hujambo? Mafua yalikwisha? Nisamehe ukimya. Hadi Krismasi nilikuwa na hasira nawe, kisha zikaniishia, nikabaki na maneno yako.

Januari nilipanda treni na sarafu imefungwa kwenye leso. Kijana wa makumbusho alipoiona aliomba kiti. Nikamwambia, "Kaa, mwanangu, lakini kwanza tuzungumze mizabibu."

Walichimba kwenye njia kati ya safu, kama alivyosema mwalimu wako. Nilikuwa nawapelekea supu ya viazi, nami nasimama pale pale kuwalinda. Walikuta msingi wa ukuta, nao ukapita chini ya mzabibu mmoja wa Ottmar. Kijana akaweka sepeto chini. "Mama Walburga, wewe ndiye mwenye neno."

Nikasema, "Uchimbueni na mizizi yake yote. Mkiukata hata mmoja, supu basi."

Tuliupanda upya karibu na mlango wa jikoni. Mwezi mzima ulikaa kama fimbo kavu, nami sikukuandikia kwa kuogopa kukuambia kwamba mzabibu umekufa.

Leo asubuhi umetoa machipukizi mawili. Njoo Pasaka uone.

Bibi yako,
Walburga