Kituo Nilichokipita

Jumatatu, 4 Machi

Nimemeza kidonge cha kwanza. Kidogo, cheupe. Daktari Szendrei anasema dawa zangu za zamani zilituliza dalili tu. Hii inalenga ile kasoro moja ya jeni inayozifanya seli zangu za masti, zile zinazoleta mzio, zizaliane ovyo na kumwaga kemikali mwilini. Sawa. Tangu nilipozirai nikiendesha tramu, treni ya barabarani, kazi yangu ni kuosha tramu za wenzangu.

Ijumaa, 26 Aprili

Macho yanavimba asubuhi. Mke wangu, Piroska, anasema nimekuwa kama chura. Lakini madoa ya mapajani yanafifia, na kuwashwa kumekwisha. Nimeoga maji ya moto, yaliyozoea kuniamshia mzio — hakuna kilichotokea!

Jumapili, 9 Juni

Supu ya samaki, pilipili ya paprika tele. Mara ya mwisho ilinipeleka hospitali ya Szeged kwa gari la wagonjwa. Piroska aliweka sindano ya dharura ya adrenalini kando ya bakuli, akanitazama nikila mpaka yake ikapoa. Nikaomba bakuli la pili. Akaenda jikoni, akakawia. Aliporudi alikuwa amenawa uso.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimeruhusiwa kuendesha tena, mwalimu wa udereva akiwa pembeni. Mikono haijasahau kitu. Halafu nikapita kituo bila kusimama. Si kwamba nilikuwa na haraka — kilinitoka kabisa akilini. Abiria wakabonyeza kengele. Mwalimu akacheka, akasema ni wasiwasi wa kurudi kazini.

Nyumbani nikamsimulia Piroska kama kichekesho. Hakucheka. Akanitajia jiko la gesi nililoliacha likiwaka, na habari za dada yake, nilizouliza asubuhi na kuuliza tena mchana. Alishasoma kikaratasi cha dawa: kati ya madhara yake, kusahau kumo. Akataka nimwambie daktari. Nikamweleza kwamba daktari akijua atapunguza dozi, na dozi ikipungua huenda nikazirai tena. Kwa vyovyote, tramu sipati.

"Ukipita kituo, watu watatembea kidogo," akasema. "Ukipita taa nyekundu je, Gellért?"

Tukala. Viazi vilikuwa vimepoa.

Jumanne, 17 Septemba

Hospitali, koridoni. Daktari amefurahi, anasema damu yangu haijawahi kuwa nzuri hivi. Akauliza, kichwa je, sisahausahau? Nikasema hapana. Sauti ilitoka vizuri, kama ya mtu anayetaja saa.

Piroska akaomba abaki na daktari peke yao. Sikupinga. Ndiyo maana naandika hapa, kwenye benchi. Mlango umefungwa. Namsikia Piroska tu akiongea.

Sina hasira. Nilidhani ningekuwa nayo.

Mlango unafunguliwa. Piroska anasimama kizingitini, macho mekundu, mkono ameninyooshea.

"Njoo, mzee wangu. Mwambie mwenyewe."

Nainuka. Koti langu silioni. Namuuliza Piroska kama nilikuja nalo. Ananishika mkono. Daktari, nyuma yake, anasikiliza —