Picha ya Kukunjwa

Jumapili, alasiri. Mvua nyembamba imeshinda ikinyesha hapa Point, mjini Durban, nguo zangu zinaning'inia ndani na hazitaki kukauka. Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Nilidhani leo ningeshinda kitandani nikiwa na huzuni, kumbe nimeamka na hamu ya kuandika, mimi niliyeutelekeza ukurasa huu tangu mwaka jana.

Nimetengeneza picha.

Kwa wasionijua: mchana nasuka nywele saluni. Muda unaobaki natengeneza picha za kubandika kwa karatasi, vitambaa, uzi, rangi, maboksi, chochote kinachokubali gundi. Nilikuwa natengeneza, niseme ukweli. Mwaka jana nilipata nafasi kwenye maonyesho ya pamoja. Nikavaa gauni jipya, nikasimama pembeni nikijifanya mgeni. Mzee mmoja akainama mbele ya picha zangu, akatabasamu, akamwuliza mhudumu: hawa watoto wanasoma shule gani? Wana vipaji kweli!

Alikuwa anasifu. Hicho ndicho kilichoniumiza.

Nilirudi nyumbani nikatia mikasi, gundi na mabaki ya vitenge kwenye begi, nikalisukuma chini ya kitanda. Kila nilipolitoa nijaribu tena, nilimwona yule mzee ameinama. Mkono unakata, kichwa kinasema: mtoto. Mwishowe nikaacha kabisa, nikawa nawaambia watu kazi imenibana.

Aliyekataa kuuamini uongo huo ni Espérance. Yeye ni Mrundi, mimi ni wa Bukavu, na tumepanga nyumba hii pamoja muda mrefu hivi kwamba binti zake, Divine na Ornella, wananiita mama mdogo, na sufuria hatujui tena ipi ni ya nani. Anashona nguo kule sokoni Warwick. Ana mdomo. Akikupenda, anakugombeza.

Mwezi uliopita karatasi zao zilikubaliwa: yeye na watoto wamfuate mumewe Australia. Tulipiga vigelegele jikoni mpaka jirani akagonga ukuta. Kisha kila mmoja akaangalia chini.

"Yvette," akasema, "unifanyie tableau moja, picha ya kwenda nayo."

"Mimi sifanyi tena, dada."

"Sikukuuliza kama unafanya. Nimesema unifanyie. Na isiwe ya ubao, valizi ya safari imeshajaa. Nataka ya kukunja."

Ya kukunja! Gundi yangu ikikauka inakuwa ngumu kama chapati ya juzi. Lakini anayeomba ni Espérance, na Espérance anaondoka. Nikalitoa begi.

Nikatandaza shuka, nikapanga Durban nzima juu yake: bahari, majengo marefu ya ufukweni, taxi, maua ya karatasi pembeni. Nakiri hapa, kwa kuwa hapa ni kwangu: ile haikuwa picha ya Espérance. Ilikuwa picha ya kumjibu yule mzee. Kila kona ilikuwa inapiga kelele kwamba mimi ni mtu mzima. Ilipokauka nikaikunja. Ikalia kra, na bahari ikamwagika sakafuni vipande vipande.

Nikakaa palepale chini. Espérance akarudi kutoka sokoni, akanikuta hivyo. Hakunibembeleza. Alikunjua ile shuka akaiangalia.

"Hii iko wapi?"

"Si ni Durban!"

"Eish, Yvette. Hapa wanakaa watalii. Mimi nilikaa na wewe, jikoni."

Akaenda kuosha mchele.

Nilikasirika. Kisha hasira ikayeyuka, maana nilikuwa namtazama: kilemba kimeteleza, mguu mmoja umepumzika juu ya mwingine, sindano imesahauliwa kwenye kifua cha blauzi kama kawaida yake. Nikataka kuishika ile hali kabla hajageuka. Mkono ukawa unatafuta mkasi kabla sijauamuru.

Basi nikatengeneza jikoni kwetu. Meza nikaikata kwenye kitenge cha kijani. Ukuta ni karatasi laini ambazo Espérance hukatia vipimo vya nguo. Nilizilowesha kwenye gundi niliyoizimua kwa maji, zikakauka zikiwa laini kama ngozi. Mvuke wa sufuria ni nywele nyeupe za kusukia zilizobaki saluni. Dirisha, kamba ya nguo, viti. Na kila kipande nikakishona kwa mkono kwa uzi mwekundu, sababu gundi peke yake sikuiamini tena. Mimi si fundi. Mishono yangu inatembea kama mtu anayetoka harusini.

Jioni moja, katikati ya kushona, nikashtuka kwamba siku kadhaa zimepita bila kumkumbuka yule mzee.

Ilipokaribia kwisha, nilitoka bafuni nikamkuta Espérance ameketi kwenye cherehani yake, picha yangu mkononi, mguu tayari kwenye pedali.

"Ninyooshe hii mishono kidogo. Dakika mbili tu."

"Acha!"

Sikujua nina sauti kubwa hivyo. Divine alitoka chumbani kuangalia kuna nini.

"Usiiguse, dada. Hiyo ni mistari yangu. Nimeitaka hivyo."

"Imepinda," akasema polepole.

"Imepinda, ndiyo. Na ni mizuri."

Nikasikia maneno hayo yakitoka kinywani mwangu. Sikuwa najitetea wala sikuwa na haja ya kuambiwa kama ni kweli. Niliyaona tu, kama mtu anavyoona kwamba nje kuna jua.

Espérance akaondoa mguu kwenye pedali. Akacheka mpaka akajifuta macho, na nadhani si kicheko peke yake kilichokuwa kinafutwa.

"Haya, madame artiste," akasema. "Karibu tena."

Jumanne niliwasindikiza uwanja wa ndege. Valizini hakuiweka; alijifunika nayo mabegani kama shali. Askari wa ukaguzi akauliza ni kitu gani hicho. "Yikhishi lami," akamjibu kwa Kizulu, ni jikoni kwangu. Askari akacheka, akampitisha. Mimi nikabaki upande huu wa kioo nikiwapungia mkono, kamasi na machozi bila aibu yoyote.

Leo asubuhi ameniletea ujumbe wa sauti. Picha ameshaitundika. "Watoto wamegombana tangu waamke," anasema, "kila mmoja anataka kiti cha karibu na dirisha. Nikawaambia kile ni cha mama mdogo, hakikaliwi." Nimeusikiliza nikiwa nimesimama na mswaki mdomoni, nikaurudia, nikaurudia tena.

Baada ya kanisa nimetandaza kitambaa cha meza kilichozeeka. Hakuna aliyeniomba picha, na sijui hii itakuwa ya nini. Nimebandika kipande kimoja tu cha bluu, kona ya kushoto, nikarudi nyuma kukiangalia, na kimenipendeza.

Kesho niko saluni mpaka jioni. Nikirudi nitaanzia pale penye bluu.