Ukurasa wa Septemba

Kasulu,
9 Oktoba

Dada yangu Loyce,

Shikamoo. Amahoro huko Munanila? Kifua cha shemeji Reverien kimeachia? Mimi ni mzima wa mwili, nashukuru Mungu. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu ofisi yetu imegawanywa kwa mbao, na haya si ya kusikiwa. Atakayekuletea barua ni Ndayiragije, dereva. Usiifungue mbele yake.

Kazi yangu unaijua kwa jina tu, ukarani wa mradi wa mabwawa. Kila mwezi naenda Kibondo, kwenye kijito cha kijijini kwetu. Saa nane mchana natumbukiza kipimajoto mahali patatu, darajani, kivukoni na chemchemini, kisha nainua mgono, ule mtego wa samaki wa kusuka, na kuhesabu walionaswa. Mkuu wangu, bwana Haidari, mtu wa Tanga, hunicheka, eti napima maji kama mama anayeogesha mzaliwa wa kwanza. Hajui kijito kile ni nini kwangu.

Daftari la vipimo lilianza miaka mingi kabla yangu, kila mwezi na ukurasa wake mmoja wa miaka yote. Siku moja nilifungua ukurasa wa Septemba nikatafuta mwaka ule walipomfukuza mama kijijini. Darajani joto limepanda, samaki sifuri. Kivukoni, siku hiyohiyo, samaki arobaini na mmoja. Dada, wale wembamba wenye mstari mweusi ubavuni hawayawezi maji moto. Walikuwa wamepanda juu kidogo tu, mwendo wa kutafuna muwa mmoja kutoka kwenye migono ya mama. Sasa hata kivukoni hawapo. Hadi mwezi wa nane walikuwa wamebaki chemchemini tu, kwenye kivuli cha msitu, na juu ya chemchemi hakuna kijito tena.

Lakini mwaka ule Evaristi alisimama kwenye mkutano wa kijiji akasema mama yetu Veronica amefunga mto kwa uchawi, kwamba mwanamke anayejua njia za samaki kuliko wanaume ndiye anayewaamrisha. Unakumbuka. Wewe ulibeba godoro, mimi sufuria, na watoto niliosoma nao wakatuimbia hadi darajani. Mama hakumaliza mwaka huko Munanila.

Mwezi wa nane Evaristi aliingia ofisini. Hakunitambua. Aliniita “mdogo wangu karani”, akaniletea soda. Alikuwa anachimba bwawa pale darajani, apandikize samaki wa chemchemini, kwani wamekuwa adimu na Kasulu nzima inawatamani. Akaomba kipimo cha maji ya darajani.

Nilimpa cha Julai, mwezi wa baridi. Sikudanganya hata tarakimu moja. Ila ukurasa wa Septemba niliuchomoa, nikaufungia kabatini, nikanywa soda yake.

Samaki aliowapandikiza walikufa wote wiki ya tatu ya Septemba, kwa siku mbili. Alikuwa amekomba karibu wote waliobaki. Chemchemini mgono wangu sasa unatoka na majani matupu, na hilo peke yake ndilo linaloniuma. Kijijini wale wazee waliompigia makofi zamani walisema kwamba aliyefunga mto kumbe ni yeye, kwamba mama alisingiziwa na mchawi mwenyewe. Hapana, sikuandika vizuri, hawakusema alisingiziwa. Walisema wachawi walikuwa wawili. Jumamosi mkutano ulimpa hadi Jumapili ijayo awe ameondoka.

Jana alikuja tena, bila soda. Aliniita mwanangu. Aliuliza kama hakuna karatasi yoyote ya serikali inayosema ni joto, maana maji ya bwawa yalikuwa kama ya kuoga, aliyashika kwa mkono wake. Mke wake, alisema, ameshafunga godoro. Nilimwangalia machoni nikamwambia karatasi kama hiyo haipo. Dada, nilisikia utamu mdomoni. Alipotoka nikafungua kabati, nikautoa ukurasa.

Huo ndio ukiri wangu niliotaka ukufikie. Naogopa bwana Haidari ataukosa ukurasa, naogopa kufungwa. Kujuta bado sijajuta.

Ila usiku siachi kuhesabu jambo moja. Karatasi ni ileile. Haiwezi kusema mama hakuwa mchawi bila kusema na Evaristi si mchawi. Nikinyamaza ili yeye abebe godoro lake, mama naye anabaki alivyo midomoni mwao milele.

Karatasi nimeikunja humu ndani ya barua. Wewe ndiye uliyemwosha mama, wewe uamue. Ikirudi na Ndayiragije kabla ya Jumapili, nitasimama kijijini niisome yote, nianze na mwaka wa mama, naye Evaristi akiwa mbele yangu, asikie jina la mama kwanza ndipo aokoke. Isiporudi, nitajua umeiweka kwenye Biblia ya mama, na mimi nitanyamaza.

Nisalimie shemeji na watoto, na upite kaburini uniondolee magugu.

Ni mimi mdogo wako anayekuheshimu,
Anania