Ua la Muuti kwa Posta

Majengo, Meru
22 Aprili 1984

Kwako mpwa wangu Kiende,

Barua hii uliyoishika inatoka kwa mtu ambaye mji wa Meru ukimkosa siku mbili, unakauka. Sijisifu, naripoti tu. Mwenyekiti wa kaunsil ya mji akipita kwenye bustani ninayoitunza hushusha kioo cha gari na kusema, "Muthamia, mambo ya kijani nimekuachia wewe." Karani Bundi, na diploma yake yote, hajawahi kuambiwa hivyo.

Umeamkaje huko wodini? Moyo unasemaje? Mimi ni mzima, isipokuwa goti. Dakta akikwambia tena mlango mmoja wa moyo wako haufungi, mwambie hata mlango wa chumba changu hapa Majengo haufungi na bado nalala ndani.

Umeniuliza maua. Kule mteremko wa nyuma, ambako kaunsil haikupanda mawaridi, yale yetu ya kienyeji yametoka. Yale mekundu ya duara yametangulia kama kawaida yao, yametoboa udongo kabla ya kutoa hata jani moja. Mwaka huu kila moja ni kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga. Juzi ndovu alitoka msitu wa Imenti akafika mpaka pale. Nikamwambia, "Hapa hapana njia." Akayatazama maua, akayazunguka, akaenda zake. Mashahidi wapo, ingawa mmoja amehamia Isiolo na mwingine alikuwa amelewa.

Kula vizuri.

Ni mimi mjomba wako,
Muthamia


Nairobi
9 Mei 1984

Mjomba mpendwa,

Salamu zikufikie wewe, goti lako na huo mlango. Mimi nipo. Miguu imevimba tena, na nalala nimekaa, kwa sababu nikijinyoosha pumzi inakata.

Endelea kuniandikia kwa Kiswahili, usirudi kwa Kimeru. Nesi Lydiah, mtu wa kwetu Githongo, ananisomea kwa sauti ili wodi nzima isikie. Mama mmoja wa Kitui, kitanda cha pili, sasa anakuita Bwana Ndovu. Kila posta ikija anauliza, "Bwana Ndovu hajaandika?"

Mjomba, nina ombi. Dakta amesema nitapasuliwa moyo kabla ya mwaka kwisha. Tangu mama azikwe, upande wake umebaki wewe peke yako, na unajua mila ya nyumbani: mtu haendi kwenye jambo la kufa na kupona kabla ndugu ya mama yake hajamtemea mate ya baraka kifuani. Nimesoma mpaka Form Four lakini hili nimeshindwa kulicheka. Njoo. Siku moja tu, kisha urudi kwa maua yako.

Mpwa wako,
Kiende


Majengo, Meru
17 Julai 1984

Kwako Kiende, mtoto wa dada yangu Kathambi,

Habari za siku nyingi? Baridi ya huku ni ya kuvunja meno, lakini mteremko unawaka. Yale ya rangi ya chungwa yamesimama marefu, pete juu ya pete kwenye bua moja, kama mama aliyevaa bangili zake zote siku moja. Na yale ya kuparamia, yenye ndimi za moto, yamefunika uzio mpaka barabarani. Mjerumani mmoja mwenye kamera alipiga magoti, akaniuliza ni nani ameyapanda. Nikamjibu, "Ni Mungu na mimi, ila Mungu hakuja kazini leo." Msomee hiyo mama wa Kitui.

Habari ya kuja nimeisikia. Kwa sasa kaunsil haiwezi kuniachilia. Kuna wageni wakubwa wanatarajiwa, na nani atawatembeza? Bundi? Bundi hajui kutofautisha ua na kabichi.

Vumilia kidogo.

Mjomba wako,
Muthamia


Nairobi
6 Agosti 1984

Mjomba,

Natumaini goti limepoa. Mimi nimeongezewa dawa, sasa nakunywa tisa kwa siku.

Lydiah alikuwa likizo nyumbani. Nilimtuma apite bustanini anichumie moja la rangi ya chungwa. Amerudi mikono mitupu. Anasema mvua ya Aprili haikunyesha kabisa, mteremko wote ni vumbi, na watu wanapanga foleni kwa chifu kupewa yale mahindi ya manjano ya msaada. Anasema alikuona kwa mbali ukimwagia shubiri moja maji uliyooshea vyombo.

Sijakasirika. Tumekubaliana na Lydiah tusiwaambie wenzetu wodini, maana mama wa Kitui alilia kwa kicheko juu ya Mjerumani, na kwao pia hakuna chakula. Danganya maua, nimekuruhusu. Lakini hili la kuja usinizungushe kama ndovu wako. Unakuja au huji?

Mpwa wako,
Kiende


Majengo, Meru
2 Septemba 1984

Mpwa wangu,

Pole na hizo dawa tisa. Sawa, huyo Lydiah ana macho. Vumbi lipo. Mbuzi wa Majengo wanakula makatoni, na nimeona mzee wa heshima akichimba mizizi mle bustanini, nikageuka nikajifanya simwoni. Sikutaka ulale na habari kama hizo.

Lakini ule mti wa muuti wa kona haujui njaa. Hauna jani hata moja, na matawi yote yamewaka maua mekundu. Hapo sijaongeza neno, hata Bundi amekiri.

Sasa sikiliza. Kazi imezidi, siwezi kutoka. Kwa hiyo nimefanya jambo ambalo hakuna mjomba mwingine katika Meru yote amewahi kulifikiria. Nimelamba asali, nimechuma ua la muuti, nimelitemea mate mara nne nikitaja jina lako, nimelikunja humu ndani. Likifika liweke kifuani. Baraka ni baraka, hata ikipigwa stempu.

Mjomba wako,
Muthamia


Nairobi
14 Oktoba 1984

Mjomba mpendwa,

Natumaini u mzima. Ua lilifika. Limekuwa jeusi, limeganda kwenye karatasi, na asali imeleta sisimizi mpaka kitandani. Nililiweka kifuani hivyo hivyo. Mama wa Kitui alisema amina.

Lakini Mjomba, mate yalikauka njiani. Nimekaa nalo siku nzima na bado naogopa.

Siku imetajwa: Jumanne, tarehe sita Novemba, asubuhi. Wenzangu wa ofisini wamekulipia kiti cha basi la Jumapili, tarehe nne, na jina lako liko kwa karani wa basi hapo stendi. Kiti ni cha dirishani. Usiniletee ua wala asali wala hadithi. Niletee mdomo wako tu.

Mpwa wako,
Kiende


Nairobi
28 Novemba 1984

Mzee Muthamia,

Nakusalimu, na nakupa pole tena. Mimi ni nesi Lydiah. Nasikia mlimzika Kiende kule Githongo, karibu na mama yake, na watu walikuwa wengi.

Naandika kwa sababu kuna jambo limenikaa. Jumatatu ile alikataa kubadilishwa nguo mpaka ufike. Kila mlango ulipofunguliwa aliinua kichwa. Jumanne, kitanda kilipokuja kumchukua, aliniambia, "Basi nitemee wewe, mtu wa Githongo." Mimi ni mdogo kwake kwa miaka miwili na si wa damu yake. Nilimtemea. Alipotoka kupasuliwa hakuzinduka, na Alhamisi akatuacha. Sijui kama nilikosea.

Sikulaumu, Mzee. Ila mama wa Kitui bado ananiuliza: Bwana Ndovu alizuiwa na nini?

Binti yako,
Lydiah


Majengo, Meru
9 Desemba 1984

Kwako binti yangu Lydiah,

Nakusalimu sana, na kila aliye wodini. Hukukosea. Ulifanya kazi yangu.

Mvua imerudi. Watu wananiambia mteremko umejaa maua, ya kweli. Sijapanda kuyaona. Nafyeka huku mbele, kwenye mawaridi ya kaunsil.

Hii ni barua ya tatu. Katika ya kwanza niliandika kwamba nilihitajika kumpokea mgeni wa serikali. Nikaipasua. Katika ya pili nikaandika kwamba mto ulibeba daraja. Hiyo niliipenda, hata nikaisoma mara mbili, kisha nikaipasua pia.

Mwambie mama wa Kitui hivi. Jumapili ile nilipanda basi. Nilikaa dirishani, nimevaa koti. Gari hunitapisha, Lydiah, tangu nikiwa mtoto. Watu wote hapa nimewaambia nimefika Mombasa, na mimi sijafika hata Chuka. Kwenye zile kona nilijitapikia koti lote, nikamchafua na mama mmoja aliyekuwa amevaa nguo ya kanisa. Basi lote likacheka. Utingo akaniuliza kama anisaidie kutafuta nepi yangu.

Nikaona aibu. Nikashuka Nkubu, kabla hata ya Chuka, nikarudi nyumbani kwa miguu.

Muthamia