Stoo Yenye Jiko

Jumanne, 2 Septemba 2025

Fundi Khaemba amemaliza! Vigae vyeupe hadi kiunoni, sinki mbili, bomba la moshi. Amenikabidhi funguo, akauliza kitanda kitakaa wapi. Nikamwambia hakuna kitanda, hii ni stoo. Akacheka. Ati stoo gani hii iko na mapazia?

Stoo. Ndivyo nilivyomwambia achore, na ndivyo ninavyoiita mbele ya watu. Chumba cha kukaangia omena, wale dagaa wa ziwani, cha kupakia, na kijichumba cha kupumzika nyuma. Ploti ni yangu, hapa Nyamasaria, na hati ina jina langu peke yangu. Miaka tisa ya kunuka samaki! Mume wangu, Baba Lorna, hajui. Nitamwambia wiki hii.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimempelekea Nalini pakiti kumi za omena dukani kwake mjini. Hajawahi kula samaki tangu azaliwe, kwao ni mboga tu. Akamwita keshia aonje, yeye akawa anamtazama uso. Keshia alimaliza pakiti nzima. Nalini akasema ataziweka maduka yote matatu — ila hachukui kitu kilichokaangwa jikoni kwa mtu. Atakuja Jumatatu tarehe 15, saa nne asubuhi, aone moto unawaka na watu wamevaa kofia. Nikikosa siku hiyo, kuna mama wa Homa Bay anayengojea nafasi hiyo hiyo.

Sikumwambia Baba Lorna. Alikuwa na mafua. (Mafua! Mimi na visingizio vyangu.)

Jumamosi, 6 Septemba

Jana mimi na Sylvia, msichana wangu wa kupakia, tulijaribu jiko. Karai la kwanza liliungua. La pili — we! Tukasonga ugali pale pale, tukala tumeketi kwenye magunia. Kisha mvua ikatufungia hadi asubuhi. Nyumbani nilipiga simu nikasema niko ufuoni Dunga, nangojea boti za omena.

Nimelala juu ya maboksi na sijawahi kulala vizuri hivyo.

Jumapili, 7 Septemba

Sylvia, Sylvia, Sylvia.

Amesimama kanisani kutoa ushuhuda. Ati Mungu amemwinua Mama Lorna, amemjengea nyumba Nyamasaria, tena tumeshapika na tumeshalala! Machozi ya furaha yakimtiririka. Kanisa zima likapiga makofi. Baba Lorna alikuwa upande wa wanaume. Naye akapiga makofi.

Tumerudi nyumbani. Amekula, amesema asante, ametoka. Afadhali angepiga kelele. Naona aibu hadi masikio yanawaka.

Jumatano, 10 Septemba

Mama mkwe amefika kutoka Bondo. Hakutaka chai. Maswali matatu tu: moto uliwashwa? Mlikula? Ulilala? Nikajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Nikajitetea kwamba ni stoo.

"Nyathina, mtoto wangu," akasema, "stoo iko na jiko?"

Kwao, na kwetu pia, mwanamume ndiye anayefungua boma. Anaingia wa kwanza na jogoo na shoka, ndipo mke awashe moto. Mwanamke akiwasha na kulala peke yake amejifanya mjane. Na mwanawe bado anapumua! Akalia. Anaogopa chira, kwamba laana itamshika mtoto wake. Mimi siiogopi sana, lakini yeye simchukii. Ndiye aliyenifundisha kukausha omena.

Dawa ni nyepesi, anasema. Nifunge stoo, nisiwashe moto, hadi mwanawe aje na jogoo. Nimekubali. Nikafurahi hata! Usiku mmoja tu, basi yaishe.

Ijumaa, 12 Septemba

Hatimaye amesema. Jogoo ataleta. Ila hawezi kufungua boma kwenye ardhi ya mtu mwingine. Anataka hati iwe kwa jina la mwenye boma. Yaani lake. Alisema kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi.

Nikamkumbusha shamba la Bondo. Nililipa mimi, tukaandika jina lake, kwa sababu nilikuwa bibi mpya na nilimpenda. Likauzwa nikiwa wadini najifungua Lorna. Kakake alikuwa na shida, ati.

Akaniuliza: "Kwani miaka hii yote umekuwa ukinichukulia mimi ni mwizi?"

Ningeweza kusema hapana. Sikusema.

Jumapili, 14 Septemba

Hakuna aliyeenda kanisani. Jogoo mwekundu amefungwa kamba chini ya meza. Lorna ameuliza ni wa sherehe gani. Baba yake akasema muulize mama yako.

Nimempigia Nalini kuomba wiki moja. Hapana, Mama. Kesho au basi.

Jumatatu, 15 Septemba

Saa tatu na nusu. Niko stoo, naandika nyuma ya karatasi ya lebo. Mafuta yako kwenye karai, baridi. Sylvia amevaa kofia, hathubutu kunitazama.

Baba Lorna yuko nje ya geti. Jogoo mkono mmoja, shoka mkono mwingine, bahasha ya kaki yenye fomu za hati kwapani. Amevaa lile koti nililomnunulia Krismasi. Hajapandisha sauti hata kidogo. "Min Lorna, mama Lorna, fungua. Weka sahihi kwanza, tuingie vizuri. Usiwashe."

Anapendeza na hilo koti. Shida ni hiyo pia.

Saa nne kasoro kumi. Nalini amepiga, yuko karibu. Nimempa Sylvia kiberiti. Amekataa kukishika, ati hilo si lake.

Kwa hiyo nimewasha mwenyewe. Njiti mbili zimezimika. Ya tatu imeshika.

Moshi umetoka juu. Kupitia dirishani namwona anauangalia. Nilidhani ataondoka. Hajaondoka. Ameinama, ameweka shoka chini, anafungua kamba ya jogoo miguuni. Sijui anamwachilia aende au anamwingiza. Jogoo amepita chini ya geti, yuko ndani ya ua wangu, anadonoa.

Gari jeupe limekata kona. Yeye bado amesimama katikati ya njia, na bahasha iko kwapani. Nalini anapiga honi. Funguo ninazo mimi, na nikimfungulia Nalini nimemfungulia na yeye —